Mtoto mwenye selimundu: Ukarabati wa mshipa waweza kuziba njia ya damu

Huenda wewe pia umezoea kudhani kwamba kiharusi ni maradhi ya wazee. Lakini hapa Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, kama kwingineko kando ya Ziwa Victoria, mtoto aweza kulala akiwa mzima na kuamka asubuhi mkono mmoja umelegea na mdomo umekwenda upande. Jirani atanong'ona kuwa amerogwa. La hasha! Chanzo kimoja kikubwa ni ugonjwa wa selimundu.

Ugonjwa huu hurithiwa. Baba na mama wakiwa wabebaji, wao wenyewe huwa wazima, ila kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Mbebaji hukingwa asiugue malaria kali, na ndiyo maana urithi huu umeenea sehemu za mbu wengi kama kwetu.

Mshipa hujikarabatije?

Seli nyekundu za mtoto huyu hujipinda kama mundu na kuwa ngumu. Zinapopita kwenye mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, hujeruhi utando laini wa ndani. Mwili nao hauketi kitako, huanza ukarabati.

Wanasayansi waliufuatilia ukarabati wa namna hii kwa panya wa maabara. Walipokwaruza ndani ya mshipa wa shingo kwa kipira kidogo, seli za misuli ya ukuta zilianza kuzaana katika siku chache, zikasogea ndani na kujenga tabaka jipya. Baada ya wiki mbili hivi jeraha lilikuwa limefunikwa, lakini njia ya damu ilikuwa imekuwa nyembamba. Ni kama fundi anayeziba ufa wa bomba kwa saruji nyingi hadi maji yakose pa kupita.

Panya walitufunza pia jambo la kutia moyo. Mshipa mmoja mkubwa wa shingo ukifungwa, vimishipa vya juu ya ubongo hupanuka na kuipitisha damu kando. Lakini kazi hiyo huchukua siku na wiki, ilhali seli za ubongo zikikosa damu kabisa huanza kufa kwa dakika chache. Tena, vimishipa vinavyochipuka kwa mtoto mwenye selimundu aghalabu huwa dhaifu na huweza kupasuka.

Usingoje

Je, mzazi afanye nini? Kipo kipimo cha mawimbi ya sauti, kiitwacho Dopla, kisicho na maumivu. Hupima kasi ya damu kichwani, kwani damu huenda mbio mahali penye wembamba, kama mto kingo zinapokaribiana. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa.

Utafiti wa Marekani uliotolewa 1998 ulihusu watoto 130 wenye kasi hiyo. Kati ya 63 walioongezewa damu mara kwa mara, 1 tu alipata kiharusi. Kati ya 67 waliobaki, walipata 11.

Si kila hospitali ina kipimo hicho, wala damu haipatikani kila siku. Lakini ipo dawa ya kumeza, haidroksiyurea, inayopunguza kujipinda kwa seli na kuteremsha kasi ya damu ubongoni. Ilijaribiwa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, wakiwemo wa Kilifi, na matokeo ya 2019 yalionyesha kuwa maumivu, malaria na vifo vilipungua. Hutolewa na daktari, naye hupima damu ya mtoto mara kwa mara.

Basi, mzazi mwenzangu, ikiwa mwanao huvimba vidole, hulia kwa maumivu ya mifupa au macho yake huwa manjano, mpeleke apimwe damu. Na siku uso wake ukienda upande, mkono ukalegea au maneno yakamkwama, usizunguke kutafuta aliyemroga. Kimbia hospitalini saa hiyo hiyo.