Saba Saba ya ndala: fundi, anza na tairi!

Mshikaji wa Kakonko, Kibondo na Kasulu, hebu tuulizane: gari la waya uliliacha ukiwa darasa la ngapi? Wengi wakishaota ndevu wanaona ni mambo ya watoto. Wenzetu wa Japani na Ulaya wana ndevu mpaka kifuani na bado wanaunda vifaru vya mezani! Wananunua vipande vya resini au wanavitoa kwenye printa ya 3D, wanakata hapa, wanaongeza pale, gari la kawaida linageuka la kivita.

Sisi resini hatuna, ila bati, waya na ndala mbovu ni za kumwaga. Basi ligeuze lile lori lako la waya liwe BM-21, mtambo wa roketi wa Kirusi ambao kwenye vita vya Kagera, 1978-79, ulijulikana kama Saba Saba.

Kinachoharibu kazi nyingi ni vipimo. Kijana anakata bodi kwanza, tairi anatafuta baadaye, mwisho gari linafanana na jiko la mkaa! Anza na tairi. Tairi la Ural, lori linalobeba mtambo huo, lina kimo cha kama mita 1.25. Ukikata ndala duara la sentimita 5, umepunguza mara 25. Sasa kila kitu gawanya kwa 25: lori la mita 7.35 linakuwa sentimita 29 na ushee, bomba la roketi la mita 3 linakuwa sentimita 12. Na tundu lake la milimita 122? Kama milimita 5, yaani mrija wa soda! Unataka nini tena?

Mirija ni 40, safu 4 za kumi kumi. Gundisha safu moja, iache ikauke, ndipo upandishe nyingine. Tairi ni 6 tu; nyuma usiweke pacha kama Fuso. Vumbi la barabarani koroga na gundi nyepesi, pakaza matairini. Wazungu vumbi hilo wananunua kwenye vichupa, wallahi!

Ila angalia unalipitisha wapi. Huku tunaishi na watu waliokimbia bunduki. Mtendeli, hapa hapa Kakonko, ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi mpaka 2021. Kwa mtoto wa aina hiyo lori la jeshi si kichekesho. Mwoneshe kwanza, akigeuza uso, mpe ndala akate tairi za basi.

Na picha za kuigia tafuta kwenye simu. Ukakae getini kwa wanajeshi na kamera, utajieleza vipi?