Askari Wachache Langoni mwa Kongo

Mtu akitaka kufahamu Matadi ni mahali gani, na aifikirie Kilindini. Shehena ya Uganda hushushwa Kilindini, kisha hupanda kwenda bara. Kongo nayo ina lango lake, nalo ni Matadi, mji uliojengwa juu ya miamba katika ukingo wa kushoto wa Mto Kongo. Na kwa Kikongo neno hilo maana yake ni mawe. Meli za baharini hupanda mto mpaka hapo, wala haziwezi kupita, kwa sababu ya maporomoko yaliyo mbele. Ndiyo sababu ilijengwa reli, iliyokamilika mwaka 1898, kutoka Matadi mpaka Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Aishikaye Matadi amelishika tumbo la mji mkuu.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960. Siku chache baadaye askari wa nchi waliwaasi maofisa wao wa Kibelgiji, na Wazungu wengi wakakimbia. Tarehe 11 Julai manowari za Ubelgiji ziliishambulia Matadi, ingawa Wazungu wengi walikuwa wamekwisha kuondolewa mjini. Wakongo kadhaa waliuawa. Habari hiyo ilifika upesi katika kambi za askari, nayo ikatiwa chumvi njiani, kama ilivyo desturi ya habari za namna hiyo. Je, ni ajabu ikiwa tangu hapo askari wa Kongo alimtazama kwa jicho baya kila mtu aliyevaa sare ya kigeni?

Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupeleka askari wa kutunza amani. Jeshi hilo, lililokusanywa kutoka mataifa mengi, lilikaribia kufikia watu 20,000. Watu wengi namna hiyo wahitaji chakula, petroli na magari, na vitu hivyo vilitegemea gati za Matadi. Hata hivyo ulinzi wa bandari uliachiwa kikosi kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 1961 walikuwapo hapo Wasudani wasiozidi 150, pamoja na mafundi wachache wa simu kutoka Kanada. Amri yao ilikuwa kutofyatua risasi ila kwa kujilinda.

Mwezi Februari mambo yaliharibika. Ilitangazwa kwamba Patrice Lumumba ameuawa, na tarehe 21 Baraza la Usalama likaruhusu nguvu itumike, kama njia ya mwisho, kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakubwa wa Léopoldville waliifahamu ruhusa hiyo kwa namna yao: waliogopa kwamba wageni wanakuja kuwanyang'anya askari wao silaha. Hofu hiyo ilipofika Matadi ilikuta mawe yamekwisha kupata moto.

Mapigano yalianzia Banana, mlangoni mwa mto, mwanzoni mwa Machi. Tarehe 4 na 5 yaliwaka Matadi kwenyewe. Wakongo walikuwa wengi, nao walikuwa na mizinga. Wasudani walikuwa na silaha ndogo tu, na msaada ulikuwa mbali. Wawili kati yao waliuawa na wengine wakajeruhiwa. Mwishowe walikubali kuondoka, wakapelekwa Léopoldville. Asiyekuwapo aweza kusema kwa urahisi kwamba wangalikaza. Lakini kikosi kile kilipelekwa kulinda bandari kwa ridhaa ya wenyeji, na ridhaa ilipokwisha hapakuwa na cha kukilinda chenyewe. Muda si mrefu Sudani iliwaita askari wake wote warudi nyumbani.

Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu, alidai bandari irudishwe, kwa kuwa jeshi lake haliwezi kudumu bila Matadi. Rais Kasavubu hakukubali mara moja. Ilihitajika miezi ya mazungumzo, na mapatano yaliyofanywa mwezi Aprili, ndipo askari wa Umoja wa Mataifa waliporudi mwaka huo huo, safari hii kwa idhini ya serikali.