Pauni Mia za Johnny Haynes

Ukingoni mwa mto Thames, upande wa magharibi wa jiji la London, kuna uwanja wa mpira uitwao Craven Cottage, na katika pembe moja ya uwanja huo imesimama nyumba ndogo ya matofali yenye roshani, mfano wa nyumba ya karani mstaafu aliyejiwekea akiba kwa uangalifu, ambamo wachezaji wa klabu ya Fulham huvalia jezi zao hata leo. Klabu yenyewe ilizaliwa mwaka 1879, na katika umri wake wote huo haijapata kutwaa ubingwa wa Uingereza wala Kombe la FA. Walakini katika jambo moja iliwatangulia matajiri wote wa Manchester, Liverpool na London ya kaskazini, kwani mwaka 1961 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumlipa mchezaji pauni 100 kwa wiki. Kwa msomaji wa pwani wa zama zile, aliyezoea kuihesabu pauni moja kwa shilingi 20 za Afrika Mashariki, hizo zilikuwa shilingi 2,000 kila Ijumaa, na mpokeaji wake hakuwa gavana wala mwenye meli, bali kijana wa miaka 26, Johnny Haynes, nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuupeleka mpira mahali ambapo mwenzake alikuwa bado hajafika.

Asiyeijua sheria iliyotangulia hawezi kuupima uzito wa fedha hizo. Tangu mwaka 1901 wakuu wa mpira wa Uingereza walikuwa wameweka ukomo wa mshahara, pauni 4 kwa wiki, kwa hoja kwamba wakiachiwa wenye mali kutoa watakacho, klabu za miji midogo zitabaki na viwanja vitupu na majina ya kale. Ukomo huo uliongezwa kidogo kidogo, kwa shingo upande, hata kufikia mwaka 1958 ulikuwa pauni 20 wakati wa msimu na pauni 17 katika miezi ya kiangazi, ilhali fundi wa kiwandani alikuwa akipata kadiri ya pauni 15. Juu ya mshahara palikuwa na bakshishi ya ushindi, nayo pia ilipimwa kwa mizani ya sheria: pauni 4 kwa kushinda na pauni 2 kwa kutoka sare. Stanley Matthews, ambaye kwa ajili ya kumtazama yeye peke yake watu maelfu walipanga foleni katika mvua, hakuruhusiwa kulipwa senti zaidi ya beki asiyejulikana nje ya mtaa wake. Na huyo beki naye hakuwa na hakika ya kupata pauni 20, kwa sababu sheria iliweka dari tu, haikuweka sakafu, na waliolipwa chini ya dari hiyo walikuwa wengi.

Dhulma ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, ingawa haikutajwa sana. Mkataba wa mchezaji ukiisha, klabu iliweza kumzuia asiende popote, na wakati huo huo ikakataa kumlipa, akawa si mwajiriwa wala si huru. George Eastham wa Newcastle United alipotaka kuhama mwaka 1960 na kukataliwa, aliondoka akaenda kusini ya Uingereza kuuza magamba ya miti yatengenezwayo vizibo vya chupa, katika biashara ya rafiki yake Ernie Clay, mpaka Newcastle ilipochoka na kumwachia aende Arsenal kwa pauni 47,500. Hata hivyo shauri lilifikishwa mahakamani, na mwaka 1963 hakimu akahukumu kwamba utaratibu ule wa kumzuia mtu ni kinyume cha haki. Jina la hakimu huyo lilikuwa Richard Wilberforce, kilembwe cha yule William Wilberforce aliyepigana katika Bunge la Uingereza hadi biashara ya watumwa ikapigwa marufuku. Na sisi tuliozaliwa karibu na bandari ambazo majahazi yalipakia binadamu hatupendi neno utumwa litumiwe kwa wepesi juu ya vijana wachezao mpira, lakini sadfa hiyo ya nasaba haikosi kumfanya mtu atabasamu. Naye Ernie Clay, mwuza vizibo, baadaye akaja kuwa mwenyekiti wa Fulham.

Sheria iliyobana kupita kiasi ilizaa wenye hila. Mwaka 1957 ilidhihirika kwamba Sunderland, klabu iliyokuwa na fedha nyingi na haraka ya kuzitumia, ilikuwa ikiwalipa wachezaji wake kwa mlango wa nyuma, na malipo hayo yakifichwa katika vitabu vya hesabu chini ya jina la majani makavu ya kufunikia uwanja wakati wa baridi. Majani yaliyonunuliwa katika daftari yalikuwa mengi kuliko ambayo ng'ombe wa wilaya nzima wangeweza kuyala. Klabu ikatozwa faini ya pauni 5,000 na mwenyekiti wake akafungiwa. Wale waliodai kwamba ukomo wa mshahara uliilinda klabu ndogo walisahau, au walijisahaulisha, kwamba sheria iliwashika wenye kuiheshimu, na mnyonge ndiye aliyeiheshimu, kwa kuwa hakuwa na cha kutia ndani ya bahasha.

Mtu aliyeivunja dari hiyo alikuwa akivaa jezi nyeupe ya Fulham. Jimmy Hill, mwenye kidevu kirefu chenye ndevu na ulimi usiochoka, alichaguliwa mwaka 1957 kuwa mwenyekiti wa chama cha wachezaji, na kwa muda wa miaka mitatu alizunguka nchi akiwakusanya wenzake, ambao aghalabu walikuwa watoto wa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo, waliolelewa katika adabu ya kutosemezana na wakubwa juu ya fedha. Husimuliwa kwamba katika mkutano wa Manchester kijana mmoja alisimama akasema baba yake anafanya kazi mgodini, chini ya ardhi, kwa ujira mdogo kuliko pauni 20, basi yeye haoni cha kulalamikia; ndipo Tommy Banks, beki wa Bolton aliyewahi kuchimba makaa kwa mikono yake, akainuka na kumwambia akamweleze baba yake kwamba Banks yu tayari kumfanyia zamu yake, mradi mzee naye aje Jumamosi alasiri amzuie Matthews mbele ya watu elfu 30. Mgomo ulipangwa kuanza tarehe 21 Januari 1961. Siku tatu kabla yake wakuu wa ligi wakasalimu amri, na ukomo ukafutwa.

Hapa ndipo anapoingia Tommy Trinder. Bwana huyu alikuwa mchekeshaji wa majukwaani, mashuhuri nchi nzima, na pia mwenyekiti wa Fulham; na kabla ya dari kuvunjwa, Wataliani walipokuwa wakimtamani Haynes, alikuwa ametangaza hadharani kwamba kama si sheria angemlipa kijana wake pauni 100 kwa wiki. Ni rahisi mtu kuahidi kile ambacho sheria inamkataza kukitoa, na yamkini mchekeshaji hakutazamia kudaiwa. Sheria ikafutwa, maneno yakabaki, na waandishi wa magazeti wakawa mashahidi. Waswahili husema ahadi ni deni. Trinder akalipa, na mshahara wa Haynes ukapanda mara tano kwa mkupuo mmoja, ilhali klabu kadhaa zenye hazina nene kuliko ya Fulham zilijiwekea dari zao wenyewe kimyakimya na kuwaambia wachezaji wao waridhike.

Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na kila mara hurudi katika swali moja: fedha hizo zilitoka wapi? Mlangoni hazikutosha. Craven Cottage si uwanja mkubwa, na mapato ya klabu ya daraja lake yalitegemea kiingilio cha Jumamosi pamoja na sehemu ya moja kwa tano ya mapato halisi iliyopewa mgeni kila alipocheza ugenini, desturi iliyowafaa wadogo mno mpaka ilipoondolewa mwaka 1983, wakubwa walipoamua kwamba kila mwenye nyumba ale peke yake. Wenzake Haynes katika chumba kile cha kuvalia, miongoni mwao George Cohen, ambaye mwaka 1966 angetwaa Kombe la Dunia, hawakupewa pauni 100. Kisha mwezi Machi 1964 Fulham ikamwuza Alan Mullery, kiungo wake hodari, kwa Tottenham Hotspur, kwa pauni 72,500. Ukizigawa fedha hizo kwa mia utapata wiki 725, yaani miaka 14 kasoro kidogo ya mshahara wa Haynes. Sidai kwamba mhasibu alizitenga katika sanduku lenye jina lake. Nasema tu kwamba klabu ndogo ya ligi kuu humlipa mchezaji kwa mchezaji, na ahadi iliyotolewa kwa mmoja mara nyingi hulipwa kwa miguu ya mwingine.

Bakshishi ina hesabu yake ya pekee. Msimu wa 1960/61 Tottenham walishinda mechi 31 na kutoka sare 4, wakawa mabingwa. Kwa viwango vya sheria ya zamani, mchezaji aliyecheza zote alistahili pauni 132 za bakshishi ya ligi. Tuseme timu iliyo nusu ya chini ya jedwali imeshinda 14 na kutoka sare 8: mchezaji wake anapata pauni 72. Tofauti baina ya bingwa na mnyonge kwa mwaka mzima ilikuwa pauni 60, mishahara ya wiki tatu. Dari ilipoondoka, kila klabu ikajipangia yake, wakabuni bakshishi ya nafasi katika jedwali na bakshishi ya wingi wa watazamaji, ambayo kwa asiyekuwa na majukwaa makubwa ni sawa na kuahidiwa sehemu ya mavuno katika shamba lisilo lako.

Kwetu neno lililoenea ni motisha, au bonasi kwa wapendao ufupi. Mwaka 1961, mwaka uliomtajirisha Haynes, ndio mwaka wa uhuru wa Tanganyika, na tangu hapo mpira wetu umesafiri mbali: mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara ziliuzwa kwa Azam kwa miaka 10, kwa shilingi bilioni 225.6, na mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, ahadi ambayo wananchi waliipa jina la goli la mama. Hiyo ni motisha ya wakubwa, nayo ilitangazwa mchana kweupe. Motisha ya wadogo ina tabia nyingine. Hutamkwa katika chumba cha kuvalia, nusu saa kabla ya mchezo, na mfadhili au kiongozi aliyepita kusalimu, haiandikwi popote, timu ikishinda husubiriwa mpaka mwisho wa mwezi, na ikifungwa mchezo unaofuata watu huona haya kuikumbusha. Mchezaji wa klabu ya jeshi au ya halmashauri aliyeajiriwa katika utumishi hulala na hakika ya mshahara wake, lakini yule anayeishi kwa mkataba wa msimu mmoja huifanya motisha kuwa kodi ya nyumba na ada ya shule, na hapo ndipo neno hilo hupoteza maana, kwa sababu kitu alichokihesabia mtu katika chakula cha watoto wake hakiwezi tena kuitwa zawadi.

Shirikisho la mpira wa dunia liliongeza katika kanuni zake mwaka 2018 kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili aweza, baada ya kumpa mwajiri notisi ya siku 15, kuuvunja mkataba kwa sababu ya haki. Ni kanuni njema, na wapo iliowaokoa. Lakini huihesabu ahadi iliyoandikwa tu, na kijana aliyeahidiwa kwa mdomo hana karatasi ya kuipeleka kwa mwamuzi yeyote. Kwa maoni yangu viongozi wa klabu zetu ndogo wangefanya hisani kubwa kwa wachezaji, na kwa hazina zao pia, kama wangeahidi nusu ya wanachoahidi na kukitia chote katika mkataba, hata kama nusu hiyo ingewafanya waonekane wachoyo mbele ya kamera.

Fauka ya yote, Trinder hakuokoa timu yake kwa kulitimiza neno lake. Mwezi Agosti 1962 Haynes aliumia vibaya goti katika ajali ya gari huko Blackpool, na Uingereza haikumwita tena baada ya michezo 56. Fulham ilibaki naye, msimu baada ya msimu, akiwapasia wenzake mipira ambayo wengi wao hawakuielewa, naye akitia mikono kiunoni kwa hasira mbele ya watu wote. Mwaka 1968 klabu ilishuka daraja, na mwaka uliofuata ikashuka tena. Alipoivua jezi yake mwezi Januari 1970, baada ya michezo 658 na bila kikombe hata kimoja kikubwa, Fulham ilikuwa katika Daraja la Tatu, na jukwaa la kale la upande wa barabara ya Stevenage, lililojengwa mwaka 1905, leo linaitwa kwa jina lake.