Miraji: Kupanda na Kurudi

Usiku wa kuamkia mwezi 27 Rajabu, misikiti mingi ya mwambao husoma Miraji, kisa cha Mtume kupaa mbinguni, baada ya swala ya Isha. Chetezo hupitishwa, moshi wa udi ukaingia kwenye kanzu, na watoto walioahidiwa halua husinzia Buraki, kipando cha Mtume, hajafika hata Baitul Mukaddas. Wapo wasemao kisomo hicho ni bidaa, nao hulala mapema. Mimi si mwamuzi wao.

Wanazuoni wengi hushikilia kwamba Mtume (S.A.W.) alipaa kwa mwili na roho. Wasufi, bila kulikana hilo, waliisoma safari ile pia kama habari za nafsi. Kabla ya kupanda, kifua kilipasuliwa na moyo ukaoshwa kwa maji ya Zamzamu. Kwa hiyo mja naye, wakasema, aanze kwa kuosha wa kwake. Nafsi huwa ammara, inayoamrisha maovu, kisha lawwama, inayojilaumu, hadi iwe mutmainna, iliyotulia. Majina yote matatu yanatokana na Kurani. Ibn Arabi, mzaliwa wa Murcia (1165–1240), alieleza jinsi msafiri wa kiroho anavyovua udongo, maji, hewa na moto njiani akipanda, na anavyovivaa tena akishuka.

Hapo kwenye kuvivaa tena ndipo palipozua mjadala. Abdul Quddus wa Gangoh, sufi wa India wa karne ya 16, alisema kuwa lau angefika yeye alikofika Mtume, asingerudi. Mshairi na mwanafalsafa Muhammad Iqbal aliishika kauli hiyo katika mihadhara yake iliyochapishwa 1930, akapambanua nafsi mbili: ya sufi, itakayo kubaki na utamu wa kufika, na ya nabii, irudiyo kwa watu kuwabadilishia maisha.

Nadhani wazee wetu walilijua hili bila mihadhara. Keti nao usikilize. Kisomo kifikapo mbingu ya saba, wametulia tuli. Vichwa huinuka Nabii Musa anapomwambia Mtume arudi kwa Mola wake akaombe umma upunguziwe, akarudi, akarudi tena, mpaka swala 50 zikawa 5. Pale hutabasamu, kama wanaosikia jamaa yao akitetewa barazani.

Na juu kabisa kuna Sidratul Muntaha, ambayo kwa Kiswahili twaiita mkunazi wa mwisho. Ni jina la mti uleule wa uani, ambao watoto huupopoa mawe wakitafuta kunazi. Majani yake hayaachwi kuanguka bure: mwosha maiti huyatwanga, akayatia kwenye maji, akayavuruga mpaka yatoe povu, ndipo akaanza kumwosha marehemu, upande wa kulia kwanza.