Vita katika Picha za Miswada ya Kiajemi

Mtazamaji anayeiona kwa mara ya kwanza picha ya vita katika mswada wa Kiajemi huenda akashangazwa na utulivu wake. Vichwa vimekatwa, farasi wameanguka, lakini nyuso za wapiganaji hazioneshi hasira wala maumivu. Miamba ina rangi ya zambarau na waridi. Mbingu ni dhahabu tupu. Ni rahisi basi kudhani kwamba mchoraji hakuweza kuchora hisia. Hukumu hiyo hutokana na kuitenga picha na kitabu chake.

Kitabu chenyewe mara nyingi ni Shahnameh, yaani Kitabu cha Wafalme, ambacho Firdawsi alikikamilisha mnamo mwaka 1010. Kina beti zipatazo 50,000, kila ubeti ukiwa na mishororo miwili. Beti hizo huandikwa katika safu, kwa kawaida nne, nazo huingia hadi ndani ya picha. Majigambo, vilio na ghadhabu vimo katika maneno. Mchoraji hakulazimika kuvirudia. Kazi yake ilikuwa kupanga uwanja. Kwa hiyo huuinua upeo wa macho karibu na kilele cha ukurasa, na walio mbali hawapunguzi kimo. Nyuma ya vilima huchungulia askari na wapiga tarumbeta, na bendera huvuka mpaka wa picha zikaingia pambizoni. Katikati ya msongamano huo shujaa Rustam hatafutwi: hutambulikana kwa vazi lake la ngozi ya chui milia na kofia yenye kichwa cha chui. (Weusi unaoonekana leo kwenye baadhi ya silaha haukukusudiwa, ni rangi ya fedha iliyochakaa.)

Uhusiano huo wa neno na picha ndio uliojeruhiwa katika Shahnameh ya Shah Tahmasp, iliyotengenezwa Tabriz kuanzia miaka ya 1520 ikiwa na picha 258. Mwaka 1568 kitabu hicho chenye vita vingi kilitolewa zawadi kwa Sultani Selim II, mtawala wa dola iliyokuwa hasimu wa Waajemi kwa muda mrefu. Kilidumu kikiwa kizima hadi karne ya 20. Arthur Houghton, Mmarekani aliyekinunua mwaka 1959, alizichomoa kurasa zake: picha 78 zilipewa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na nyingine zikauzwa mojamoja. Mwaka 1994 picha 118 zilirudishwa Irani pamoja na maandishi yaliyosalia, kwa kubadilishana na mchoro mmoja wa Willem de Kooning. Hivyo pigano linaweza kuwa limetundikwa ukutani New York, ilhali beti zinazoeleza ugomvi ulivyoanza zimehifadhiwa Tehran.