Maji Huharibikia Tangini

Anayejenga nyumba Kitale au Bungoma siku hizi, akifika kwenye suala la tangi, huuliza jambo moja tu: la lita ngapi? Dukani bei hupangwa kwa lita, fundi hukadiria kazi yake kwa lita, na hata majirani wakisifu boma husifu ukubwa wa tangi. Hoja yangu ni kwamba swali hilo lingepaswa kuja mwisho. Katika maeneo haya ya chini ya Mlima Elgon, linaloamua kama familia itakunywa maji salama ni jinsi maji yanavyoingia tangini, yanavyokaa humo na yanavyotolewa. Pesa kidogo inayotumika kwenye mlango wa kuingilia na mfereji wa kutekea hulinda watoto kuliko pesa nyingi inayoongezwa ili tangi la lita 5,000 liwe la lita 10,000.

Hesabu yenyewe inaonyesha hivyo. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba ya mabati yenye paa la mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Kitale hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na Bungoma nayo vivyo hivyo. Ukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kurukia nje na kukauka juu ya bati, paa hilo dogo bado linateremsha zaidi ya lita 38,000 kila mwaka. Mvua moja nzito ya alasiri, ya milimita 20, huleta zaidi ya lita 700. Kiangazi halisi huanza Desemba na kufika katikati ya Machi, yaani takriban siku 100. Watu sita wakitumia lita tano kila mmoja kwa kunywa na kupika, wanahitaji lita 3,000 kuvuka kipindi hicho. Tangi la lita 5,000 linawatosha na kubaki, mradi maji ya kufulia na ya ng'ombe yatoke kwingine. Basi kwa maji ya kunywa ukubwa si kikwazo. Kikwazo ni kama lita hizo 3,000 zitakuwa bado zinanyweka ifikapo Februari.

Magharibi mwa Kenya ni mojawapo ya sehemu za Afrika zilizochunguzwa sana kuhusu maji ya nyumbani, na ushahidi wake unaelekea upande huo. Mwaka 2011 Michael Kremer na wenzake walichapisha utafiti kuhusu karibu chemchemi 200 katika wilaya za wakati huo za Busia na Butere-Mumias, jirani kabisa na Bungoma. Chemchemi zilizojengewa saruji na bomba la kutokea zilipunguza uchafu wa kinyesi kwenye chanzo kwa takriban theluthi mbili. Lakini maji yalipopimwa nyumbani, ndani ya mitungi, sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa imekwisha kupotea. Chanzo kilikuwa safi. Mikono, vikombe na vyombo vikayachafua maji tena. Miaka saba kabla ya hapo, Jim Wright na wenzake walikuwa wamepitia tafiti 57 kutoka nchi mbalimbali, wakaona jambo hilohilo: mahali pengi, maji huzidi kuchafuka baada ya kuchotwa. Kwa hiyo kipimo cha haki cha maji ya familia kinachukuliwa kwenye kikombe, wala si mlimani yanakotoka.

Wanaolijua jambo hili vizuri kuliko wengi ni mabaharia, ambao chombo chao hakina mto wa kukimbilia maji yakiharibika. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo mzima wa usafi wa meli, na toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2011. Mapitio ya milipuko ya magonjwa ya maji melini, yaliyochapishwa 2004, yalitaja miongoni mwa visababishi upakiaji mbaya wa maji bandarini, matangi yaliyojengwa vibaya, na mabomba ya maji safi kuungana na ya maji machafu. Ndiyo maana mpira wa kujazia maji ya kunywa melini haufanyiwi kazi nyingine yoyote: huzibwa ncha zote mbili, huning'inizwa pasipo kugusa sakafu, na maji hupitishwa yamwagike kwanza kabla ya kuunganishwa na tangi. Linganisha na lori la maji linaloingia ploti ya Kitale wakati wa kiangazi. Mpira wake umeburutwa juu ya matope ya lango, ukapita karibu na choo cha shimo, kisha ncha yake ikatumbukizwa moja kwa moja ndani ya tangi. Maji yaliyobebwa yanaweza kuwa yalitibiwa vizuri kabisa. Mita ya mwisho ya safari ndiyo iliyoyaharibu, na mteja angeweza kuizuia kwa kudai mambo mawili: ncha ioshwe na kupanguswa kwa klorini, na isiguse maji yaliyomo tangini.

Kwa wanaokinga mvua, hatari ina majira yake. Mahindi ya Trans Nzoia, kaunti iliko Kitale, huvunwa kuanzia Oktoba, na wiki zinazofuata ni za kupukuchua na kuanika. Makapi na vumbi huruka na kutua juu ya mabati. Kiangazi kinafuata: majani ya mkaratusi yanajaa kwenye gata, ndege wanaacha kinyesi, panya anakufia humo, na hakuna tone la kuviosha kwa miezi mitatu. Mvua ya kwanza ya Machi husukuma shehena hiyo yote kwa mara moja. Ukiyakinga maji yake kwenye ndoo nyeupe utaona yana rangi ya chai ya rangi, na kwenye gata utaona tope jeusi lenye manyoya. Familia ambayo imesubiri mvua kwa siku 100 huwa na haraka ya kuyapokea maji hayo, na hilo linaeleweka. Lakini ndiyo maji mabaya kuliko yote ya mwaka, na yakiingia yanabaki chini ya tangi hadi Desemba. Dawa yake ni bomba la kumwaga maji ya kwanza. Kabla ya njia ya kuingia tangini, fundi anashusha bomba wima la inchi nne lililozibwa chini kwa kifuniko cha kufungua. Bomba hilo hubeba karibu lita nane kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo mita tatu hubeba lita 24, sawa na nusu milimita ya mvua kwenye paa letu la mita 48. Maji machafu hulijaza kwanza, yanayofuata hupita juu yake na kuingia tangini. Mvua ikikatika, kifuniko kinafunguliwa na bomba linamwagwa. Asiye na bomba hilo ageuze tu mdomo wa gata kando kwa dakika chache kila mvua inapoanza.

Mwenye mfereji wa kampuni anaweza kudhani haya hayamhusu. Kampuni ya Huduma za Maji ya Nzoia kwa miaka mingi imehudumia miji ya Kitale na Bungoma kwa maji ya mito yanayotibiwa kabla ya kusambazwa, na maji yaliyotibiwa ni hatua kubwa mbele. Ila bomba lolote likikauka, presha yake hushuka, na kila ufa mdogo ulioko ardhini hufyonza udongo na maji machafu yaliyouzunguka. Watafiti waliofuatilia mji wa Hubli-Dharwad nchini India, ambako maji hutoka kwa zamu, waliona kwamba yanayotoka mwanzo mfereji unaporudi ndiyo yenye uchafu mwingi. Basi siku maji yanaporudi baada ya kukatika, usiliache boya la tangi liyapokee tu. Fungua kwanza mfereji wa nje, mwagilia sukumawiki mpaka maji yawe meupe, kisha ufungulie tangi.

Maji yakiisha kuingia salama, tangi lenyewe linaweza kuwasaidia watu au kuwadhuru. Maji yanapotulia gizani siku kadhaa, tope hutua na bakteria wengi wa kinyesi hufa pole pole. Huu ni usafishaji wa bure, lakini matangi yetu mengi yamefungwa kwa njia inayouharibu. Maji yanaporushwa kutoka juu hutifua tope lote upya. Bomba la kuingilia lishuke hadi karibu na chini na mdomo wake ugeuzwe kuelekea juu. Mfereji ukiwekwa chini kabisa huteka tope hilohilo; uwekwe sentimita kumi juu ya sakafu ya tangi, na tundu la pili la kuoshea liwe chini kabisa, lenye koki yake. Kila tundu, hasa la maji kufurika, lifunikwe kwa wavu mwembamba. Bungoma ni eneo la malaria, na yai la mbu linaweza kufikia kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja au mbili. Na mtu asichote maji kwa kutumbukiza jagi kupitia kifuniko cha juu. Ni kosa dogo kulitazama, ila linaondoa kila kitu kilichofanywa kabla yake.

Kuosha tangi ni kazi ya mara moja kwa mwaka, na wakati wake mzuri ni mwishoni mwa Februari au mapema Machi, maji yakiwa chini kabisa. Tope litolewe, kuta zisuguliwe kwa brashi isiyofanya kazi nyingine, kisha vijidudu viuliwe. Kanuni ya kawaida ni miligramu 50 za klorini kwa kila lita, tangi likiwa limejaa, usiku mzima. Kwa dawa ya majimaji ya kung'arishia nguo, isiyo na manukato na yenye asilimia 3.5 ya klorini, hiyo ni lita moja na nusu hivi kwa kila lita 1,000 za maji. Soma kibandiko, kwani nguvu hutofautiana. Maji hayo yapitishwe pia kwenye mabomba na mifereji yote, halafu yamwagwe mbali na mto na bwawa la samaki. Najua Machi hakuna mwenye lita 5,000 za kumwaga. Njia ya pili ni kuchanganya karibu nusu kikombe cha dawa hiyo katika ndoo ya lita 20, kuzilowesha kuta kila mahali, kuziacha zikiwa mbichi kwa nusu saa, na kusuuza. Anayeingia ndani asiingie peke yake, kifuniko kibaki wazi, na dawa hiyo isichanganywe kamwe na ile ya asidi ya kusafishia choo, kwa sababu hewa inayotoka hapo huua.

Pingamizi zito zaidi limetoka Bungoma kwenyewe. Utafiti mkubwa uliofanywa katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, na kuchapishwa mwaka 2018, uliandikisha wajawazito zaidi ya 8,000. Baadhi ya vijiji vilipewa klorini ya kutibu maji, vingine vyoo bora, vingine sabuni na mafunzo. Watoto walipofuatiliwa, hakuna kundi lililoonyesha kupungua kwa kuhara. Kwa nini basi tujisumbue na koki na nyavu? Nalichukua pingamizi hilo kwa uzito, wala sitasema utafiti ulikosea. Lakini tazama kilichopimwa. Klorini iligunduliwa katika maji ya chini ya nusu ya nyumba zilizopewa, na matumizi yalipungua muda ulivyoenda. Mtoto anayekunywa maji yaliyotibiwa Jumatatu na yasiyotibiwa Jumanne hajalindwa. Tafiti nyingi za kutibu maji zilipojumlishwa baadaye na Kremer na wenzake, vifo vya watoto wadogo vilionekana kupungua kwa karibu robo. Ninachosoma katika matokeo hayo mawili ni kwamba kinga inayomtegemea mama kukumbuka kila siku, huku ana kuni, shamba na watoto wa kuangalia, ni kinga dhaifu. Wavu uliofungwa na mfereji ulioinuliwa havisubiri kukumbukwa. Hilo halifuti klorini: dozi ya kila siku iendelee kwenye mtungi wa maji ya kunywa, kwa sababu ile ya tangini huisha nguvu baada ya siku chache. Wasioipenda harufu yake wasubiri nusu saa inayohitajika kisha waache mtungi ukae usiku kucha ukiwa umefunikwa. Harufu itapungua sana.

Linabaki suala la gharama, na hapa wapangaji wana haki ya kulalamika. Mita tatu za bomba, koki, kiwiko na kipande cha wavu ni sehemu ndogo ya bei ya tangi lenyewe, kwa hiyo aliyeweza kununua tangi ameweza na hivi. Lakini katika ploti za kupangisha za Kitale, Kanduyi au Webuye anayekunywa maji si mwenye tangi, na anayeshika ufunguo wa kifuniko ni mlinzi ambaye hakuambiwa kazi hiyo ni yake. Maafisa wa afya ya umma wa kaunti za Trans Nzoia na Bungoma hukagua mikahawa na vichinjio. Tangi linalonywesha vyumba 20 linastahili jicho hilohilo. Hadi ukaguzi huo ufike, mpangaji anaweza kuomba kitu kimoja kabla ya kulipa kodi ya Machi: tarehe ya mara ya mwisho tangi lilipooshwa iandikwe kwa rangi ubavuni mwa tangi, mahali ambapo kila anayekuja kuteka ataiona.