Sinza kwa Remmy, mara ya pili

Sisi wa sendika, kartie Lumumba, tulirudi Dar es Salaam tukiwa watu kumi na wawili. Kijana mwenye kutuongoza akatushusha ku kituo cha basi kinachoitwa "Sinza kwa Remmy". Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, aliyezaliwa 1947! Aliingia Tanzania 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha Super Matimila. Leo makonda wanalitaja jina lake kila saa, hata kwa abiria wasiomjua.

Mara ya kwanza tulicheka sana juu ya wimbo wake "Mambo kwa Soksi". Soksi ni kondomu, na radio ya serikali ilikataa kuupiga. Mwenzetu mmoja, mchimbaji wa dhahabu kule Mongbwalu, alicheka kutupita wote.

Safari hii mjane wake ndiye alikalia kiti chake. Mbele ya ile nyumba akauliza:
— Huyu baba aliimba ile soksi lini?
— Miaka ya 90, mama.
— Basi muda ulikuwako.

Hatukupiga foto. Ndani ya basi tulikubaliana: mama mwenyewe ataongea ku mashimo, siku ya kugawa mchanga, na katoni za kondomu zitanunuliwa na kesi ya sendika.